Maswali ya AC wiki hii: sentrali au spliti, na hili la gesi tena

Kaskazi imebana na simu yangu imejaa maswali ya joto. Nimechukua machache, yanayojirudia nitayajibu kwa mkato.

Najenga Goba, vyumba vinne na sebule, bati limeshapanda. Mume wangu anataka AC ya sentrali, fundi anasema spliti. Nani yuko sahihi?

Fundi, na dada yangu sababu ni hilo bati. Sentrali inapoza hewa sehemu moja halafu inaisukuma vyumbani kwa dakti, yaani mifereji ya hewa, wakati spliti kila chumba kina mashine yake; sasa kwenye nyumba zetu dakti zinapita wapi? Juu ya silingi, chini ya bati, mahali ambapo saa saba mchana joto linaweza kupita nyuzi 50. Yaani unanunua baridi kwa LUKU halafu unaipitisha kwenye tanuri ndo ifike kwa mtoto. Wizara ya Nishati ya Marekani, nchi ambayo sentrali ndo kawaida yao, yenyewe inasema dakti zinaweza kupoteza zaidi ya asilimia 30 ya umeme wa kupoza, hasa zikipita darini.

Halafu kuna unyevu wa Dar. Niliwahi kuitwa nyumba moja Mikocheni, jipsamu ina madoa ya kahawia, wenyewe wameshabadilisha bati mara mbili wakijua paa linavuja, kumbe ni dakti inatoka jasho kama chupa ya soda kwa sababu aliyefunga alibania sponji ya kuifunika. Juu huko ukungu mweusi umeota na hewa ya kulala inapita humo humo. Tuling'oa yote, iliniuma kwa pesa iliyokuwa imezama pale.

Na matumizi. Usiku mnalala vyumba viwili au vitatu, spliti unawasha pale ulipo tu, ila sentrali nyingi zinazofungwa huku zinapoza mpaka sebule isiyo na mtu. Kompresa, yaani moyo wa mashine, ikifa nyumba nzima mnahamia barazani.

Sentrali ina mahali pake: juu zege, ramani imechorwa na dakti tangu msingi, sebule kubwa iliyo wazi, umeme wa fezi tatu. Tena ikifungwa vizuri inaweza kuingiza hewa mpya ya nje, wakati spliti inazungusha ile ile ya chumbani, kwa hiyo wenye spliti fungueni madirisha asubuhi jamani. Lakini wewe bati limeshapanda. Na kabla hujanunua AC hata moja, weka foili ya kuzuia joto chini ya bati, acha matundu ya hewa kwenye paa, panda mti upande wa magharibi. Watu wananunua mashine kubwa kupigana na paa lao wenyewe, kila mwaka nasema.

Vipi ile ya yuniti moja nje na tatu ndani?

Inaokoa nafasi ukutani, ila ya nje ikiharibika zote tatu zimelala. Kama una nafasi ya tatu nje, weka tatu.

Gesi inajazwa kila baada ya miezi mingapi?

Haijazwi! Siyo petroli ya bodaboda, haiungui ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikipungua kuna tundu. Fundi anayekuja kila miezi sita anaongeza gesi bila kutafuta tundu anakula pesa yako. Mwambie ajaze nitrojeni atafute kwa povu la sabuni, azibe, avute hewa kwa pampu ya vakyumu, ndo aweke gesi kwa kupima na mizani. Hana pampu wala mizani? Mshukuru, mwache aende. Na asome kibandiko, gesi ya R-22 haiingii kwenye mashine ya R-410A wala R-32, na hiyo R-32 inaweza kushika moto kwa hiyo sigara iwe mbali. Mtumba wa R-22 usinunue hata kwa bei ya kutupa, Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, inataka nchi zetu ziachane nayo ifikapo 2030.

Chumba futi 12 kwa 12, nichukue BTU 18000 kipoe haraka?

Hapana kaka, BTU ni nguvu ya kupoza, na 9000 inatosha, bati likiwa kali 12000. Ukiweka kubwa inapoza kwa dakika chache inakata kabla haijatoa unyevu, unabaki na baridi ya majimaji, shuka linanata, na kompresa inawaka na kuzima usiku kucha.

Ya BTU 12000 inakula yuniti ngapi za umeme usiku?

Ya kawaida inavuta kama kilowati moja, kwa masaa nane na kompresa ikipumzika weka yuniti 5 mpaka 7. Inveta, ile ambayo kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima, kwenye chumba kilichozibwa vizuri hushuka 3 au 4. Uko tarifu ya D1, ile ya matumizi madogo ya nyumbani? Yuniti zako 75 za bei nafuu hazimalizi mwezi, piga hesabu kabla hujanunua.

Niweke nyuzi 16 ili iwahi kupoa?

Haiwahi. Weka 25, washa na pangaboi.

Zile za kuweka maji na barafu zinafaa?

Dodoma ndiyo, kule hewa ni kavu. Dar na Tanga unajiongezea unyevu tu.

Nyumba ipo Kigamboni karibu na bahari, ya nje imeoza miaka miwili.

Chumvi hiyo. Chukua yenye koili iliyopakwa kinga, ifungwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, na ioshwe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka.

Naweza kuchomeka AC kwenye eksitensheni ya TV kwa muda?

Hapana, na kama umeshachomeka nenda kazime sasa hivi. Waya ule mwembamba unapata moto taratibu nyuma ya kabati wakati watoto wamelala. AC ipate laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5 na ethi, na ukikosa hela ya waya mwezi huu tumia feni kwanza.