Tulimwita mvivu, kumbe namba hazioni

Dada, umesema binti yako wa darasa la tano anasoma vizuri tu, ila hesabu anapata mbili kwa ishirini na mwalimu anadai ni uvivu. Pole. Mimi niko Moshi, nauza nyanya na vitunguu soko la Mbuyuni, na huo wimbo wa uvivu nimeuimba mwenyewe miaka miwili kwa kijana wangu wa pili. Tuisheni nililipia sehemu mbili kwa mpigo. Fimbo alikula za shuleni na za kwangu, na hizo za kwangu ndizo zinaniuma mpaka leo.

Aliyenifumbua macho ni jirani, mwalimu aliyesomea elimu maalumu pale Patandi, Tengeru. Aliweka visoda vinne mezani, akauliza viko vingapi. Kijana akahesabu kwa kidole, kimoja kimoja. Mwalimu akavitawanya, hakuongeza wala kupunguza, akauliza tena. Kijana akaanza upya: kimoja, viwili... Alikuwa na miaka kumi. Wewe na mimi vinne tunavijua kwa kutupia jicho tu.

Hali hiyo, ya mtoto kushindwa kuzishika namba hata akifundishwa, inaitwa diskalkulia. Wataalamu wengi hukadiria inawapata watoto 3 hadi 7 katika kila 100, kwa hiyo darasa la watoto 60 huenda linao wawili mpaka wanne. Haina kidonge, na si kwamba mtoto ana akili nzito. Ila usikimbilie jina hilo kabla hujampima macho na masikio, na kabla hujakumbuka kama alikosa shule sana darasa la kwanza na la pili.

Tuisheni nilisitisha, maana walikuwa wanamrudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Tukarudi kwenye vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa mpira. Hapo nikagundua kitu: kumi na tatu inajieleza yenyewe, lakini thelathini wapi umeisikia tatu? Arobaini je? Basi nyumbani tukasema "makumi matatu", "makumi manne", karibu muhula mzima. Bibi yake alitucheka kweli. Saa nayo ilikuwa balaa, mshale mfupi uko kwenye 7 na sisi tunasema saa moja! Nilibandika karatasi juu ya namba za saa ya ukutani, nikaandika za kwetu.

Jedwali la kuzidisha usimkaririshe kwanza. Mimi nilimpa kazi ya kupanga nyanya tano tano: mafungu manne, ni nyanya ngapi? Akishapanga, anachora vile viduara kwenye daftari. Akishachora, ndipo anaandika 4 × 5. Hiyo ya kuchora wengi wanairuka, na kwa wangu ndiyo iliyobeba kila kitu. Wiki nzima kwenye tano tu, usione aibu.

Shuleni nenda uombe apewe maswali machache na muda zaidi. Mwalimu mmoja alinielewa, mwingine akasema namdekeza. Nikamwacha na lake.

Sasa yuko kidato cha pili. Hesabu bado si rafiki yake, nisikudanganye. Jumamosi ananisaidia gengeni na kikaratasi chake mfukoni. Juzi mteja alichukua mafungu matatu ya 1,500, akatoa noti ya 10,000, akaanza kunung'unika kwamba kijana anaandika nini muda wote huo. Akapewa 5,500 yake, akaihesabu mara mbili, akaondoka.