Uzuri wa Mobb Deep uko wapi?

SWALI: Kaka, kila mara unawasifu marapa wa Mobb Deep. Nyimbo za bunduki na magenge zina uzuri gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mdogo wangu, sikiliza woga uliomo. Havoc na Prodigy, wawili waliounda kundi hilo, walitoa albamu ya The Infamous mwaka 1995, wote wakiwa na miaka 20. Havoc, mtoto wa maghorofa ya Queensbridge, New York, ndiye aliyepika midundo mingi: kinanda kidogo, ngoma kavu, kama mtu anayetembea usiku akigeuka nyuma kila hatua. Hapo hakuna anayejidai shujaa. Prodigy aliugua selimundu tangu utotoni. Akafariki mwaka 2017. Dada yangu anaugua hivyohivyo. Mwaka 2000 Prodigy alirap kuhusu maumivu hayo, na dada akaniambia, “Huyu anayajua.”