Wanafunzi wa meno wanajua tafiti, lakini mgonjwa akikaa kwa kiti hawazitumii

SWALI: Daktari habari yako. Nasimamia wanafunzi wa meno kliniki hapa Nakuru. Darasani wako sawa kabisa, aina zote za utafiti wanakutajia, lakini mgonjwa akikaa kwa kiti wanafanya tu vile walimwona daktari mkubwa akifanya. Nifanyeje? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Salamu mwalimu, na asante kwa kuuliza hili, manake linaumiza wagonjwa kabisa. Mimi naona tunaanzia pabaya, tunawapa makala wasome halafu tunangoja siku mgonjwa wa kufanana nayo atokee. Anza na mgonjwa.

Chukua yule amekuja hajalala, neva ya jino imewaka lakini hajafura na hana homa, na anataka antibayotiki ya amoksilini juu jirani alipewa. Kabla mwanafunzi hajaandika dawa, aandike swali: huyu ni mgonjwa wa aina gani, namlinganishia dawa hii na nini, na nataka apate nini. Halafu atafute kwa simu hapo hapo, aingie Cochrane, ile maktaba ya mtandaoni inayokusanya na kuchambua tafiti za matibabu. Atakuta utafiti mmoja tu ndio ulifaa kuchambuliwa, wa watu 40, na penisilini, ya jamii moja na amoksilini, haikupunguza maumivu kuliko dawa bandia. Sasa usimwachilie, muulize kama watu 40 wanatosha, kwa sababu hapo ndipo anajifunza kupima ushahidi wenyewe, kwamba ni mdogo, lakini unakubaliana na kile tunajua kuhusu neva iliyowaka, antibayotiki haiitulizi, inatakiwa jino lifunguliwe neva itolewe ama ling'olewe, na dawa ya maumivu. Halafu amweleze mgonjwa kwa Kiswahili cha kawaida, na amsikize, manake pengine pesa ya kutibu mzizi hana na jino anataka litoke leo. Hiyo pia ni sehemu ya uamuzi, si kikwazo.

Na hapo kwenu Nakuru mna somo ambalo wengine hawana. Tafiti za dawa ya meno yenye floraidi ni nyingi na zinaonyesha inapunguza kuoza, lakini nyingi zilifanyiwa watoto wa nchi zingine, na nyinyi maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiwango cha juu cha WHO cha 1.5 mg kwa lita, ndio unaona meno ya kahawia kila mahali. Mwanafunzi akikuletea hizo tafiti muulize huyu mtoto anakunywa maji gani, ya kisima ama ya mvua, na anameza dawa akipiga mswaki? Hatamnyima dawa ya meno, ila mama ataonyeshwa kiasi, chini ya miaka 3 kama punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kama njegere, na ateme.

Kitu kingine, kubali wakuulize na wewe mbele ya wenzao, "mwalimu hii tunafanya kwa nini?" Wakiogopa kukuuliza wataendelea kuiga. Na kwa mtihani wa kliniki weka alama za swali aliloandika na vile alimweleza mgonjwa, si kujaza jino tu, kwa sababu wanafunzi wanasoma kile kinapewa alama.