Kabla ya Kutafuta Fonti Maalumu, Panua Nafasi Kati ya Herufi

Mzazi wa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, hachelewi kusikia habari za fonti zilizobuniwa kwa ajili ya watoto kama wake. Zinazojulikana zaidi ni Dyslexie, iliyobuniwa na Mholanzi Christian Boer mwaka 2008, na OpenDyslexic ya Abbie Gonzalez, ambayo hupatikana bure. Zote mbili huongeza unene wa herufi upande wa chini, kwa matumaini kwamba b haitageuka d machoni pa msomaji. Mwanangu, aliyekuwa akisoma “baba” kama “dada” hata pale picha ya pembeni ilipoonyesha mwanamume mwenye ndevu, aliipenda OpenDyslexic mara tu nilipomchapia hadithi kwa fonti hiyo, na furaha ya mtoto aliyezoea kukwepa vitabu si jambo la kubezwa. Hata hivyo, b na d ziliendelea kumchanganya.

Kilichomsaidia zaidi ni nafasi. Mwaka 2012 mtafiti Marco Zorzi na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia walisoma vizuri zaidi herufi zilipoachanishwa, kwa kuwa herufi zilizosongamana huzuiana kutambulika. Mwaka 2016 mtafiti Eva Marinus na wenzake waliilinganisha Dyslexie na Arial, wakakuta kwamba nafuu ndogo iliyoletwa na Dyslexie ilitoweka pale Arial ilipopewa nafasi zilezile.

Kwa hiyo nakushauri uanze na fonti ya kawaida isiyo na vikia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi), kama Arial au Verdana, kwa ukubwa wa pointi 12 hadi 14, uachanishe herufi kidogo, maneno zaidi kidogo, na mistari kwa moja na nusu. Usizidishe, maana neno lililotawanyika halisomeki kama neno. Panga maandishi kushoto tu, kwani kuyalazimisha yalingane pande zote mbili huacha mapengo yasiyo sawa, na uepuke herufi za mlazo.

Mtoto akiipenda fonti maalumu, mwachie. Ila chanzo kikuu cha disleksia ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi, wala si macho, na hakuna fonti inayofundisha sauti. Mwanangu alianza kutenganisha b na d alipofundishwa kuichora kila herufi kwa kidole huku akiitamka, kila siku kwa muda mfupi, mwalimu na mimi tukitumia utaratibu uleule.