Sabres na vijana wao: nani aondoke, nani abaki?

Tangu timu ya Buffalo Sabres impeleke mchezaji wake JJ Peterka timu ya Utah mwezi Juni 2025, maswali ya hoki ya barafu yamekuwa mengi. Baadhi yanatoka Buffalo kwenyewe, jiji la jimbo la New York lililo mpakani na Kanada, ambako familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na nchi jirani zimepata makazi mapya. Kwa asiyefuatilia: hadi msimu wa 2024-25 unaisha, Sabres walikuwa hawajacheza mtoano wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, tangu 2011. Walikuwa wameukosa misimu 14 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya ligi hiyo, na hapo kumbuka timu 16 kati ya 32 hufuzu kila mwaka. Nimeyachagua maswali yanayogusa jambo moja: vijana wauzwe au wasiuzwe?

Sisi tuliozoea Simba na Yanga tunachanganyikiwa. Huyo Peterka kauzwa kwa bei gani? (Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam)

Kaka, hakuna bei. Tunasema "kauzwa" kwa mazoea tu, lakini katika NHL hakuna ada ya uhamisho kama ya soka. Timu hubadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa haki ya kuchagua katika drafti, ile shughuli ya kila kiangazi ambapo timu zote hugawana chipukizi, wengi wao wenye miaka 18. Sabres walimtoa Peterka, winga Mjerumani wa miaka 23 aliyetoka kufunga mabao 27, wakapokea winga Josh Doan na beki Michael Kesselring.

Mchezaji mwenyewe haulizwi, isipokuwa mkataba wake uwe na kipengele cha kukataa kuhamishwa, na vijana karibu wote hawana kipengele hicho. Anaweza kuamkia Buffalo akalala Salt Lake City, huko Utah.

Tena kila timu ina kikomo cha mishahara. Kwa msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5, na tajiri hawezi kukipita hata angekuwa na mabilioni. Kwa hiyo kijana anayefunga mabao huku akilipwa mshahara mdogo wa mkataba wake wa kwanza ana thamani ya pekee, kwa sababu pesa anayoiokoa inamlipa mtu mwingine. Ndiyo maana watu wanagombana hivi kuhusu vijana.

Wanangu wawili wanabishana kila jioni. Mkubwa anasema vijana wote watolewe tupate watu wazima wenye uzoefu. Mdogo anasema asiguswe hata mmoja. Nani yuko sahihi? (Mama, West Side, Buffalo)

Mama, nimelitafakari swali lako kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu kila mmoja wa wanao ameshika nusu ya ukweli.

Tuanze na mkubwa. Anachokitaka kinaeleweka: amekua akiona timu ya watoto ikifungwa na timu za watu wazima. Lakini mwambie atazame walioondoka Buffalo wamefika wapi. Ryan O'Reilly alipelekwa St. Louis Julai 2018. Mwaka uliofuata St. Louis wakatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na yeye akawa mchezaji bora wa mtoano mzima. Jack Eichel, nahodha, alizozana na uongozi kuhusu upasuaji wa shingo yake, akapelekwa Vegas Novemba 2021. Vegas wakatwaa kombe 2023, naye aliongoza ligi nzima kwa pointi (mabao na pasi za mabao) katika mtoano ule. Sam Reinhart alipelekwa Florida Julai 2021. Akafunga mabao 57 katika msimu wa 2023-24, kisha katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Edmonton akafunga bao lililoamua ubingwa. Florida wakarudia ubingwa 2025.

Watatu, makombe manne. Shabiki wa Buffalo ana kila sababu ya kuumia.

Sasa tazama umri wao walipoondoka. O'Reilly alikuwa na miaka 27. Eichel na Reinhart, 25. Hao hawakuwa chipukizi tena, walikuwa wamefika umri ambao mchezaji wa hoki anatoa kilicho bora. Na Buffalo walipokea nini? Zaidi chipukizi na haki za drafti. Yaani walichuma embe lililoiva, wakaenda kulibadilisha kwa mche. Mche unahitaji miaka mitano, na ukianza kuzaa, timu bado inafungwa, kijana amechoka kupoteza, anataka kuondoka, na biashara inaanza upya. Casey Mittelstadt alitolewa Machi 2024 akiwa na miaka 25. Dylan Cozens, Machi 2025, miaka 24. Sasa Peterka, 23. Niseme haki: katika biashara hizi tatu za mwisho waliorudi walikuwa wachezaji wa NHL tayari, si watoto, na huo ni mwelekeo bora kuliko wa 2021. Lakini umri wa wanaoondoka unazidi kushuka, na hilo linanitia wasiwasi.

Kwa mdogo nina habari nyingine. Si kweli kwamba asiguswe hata mmoja. Matthew Savoie alikuwa chaguo la tisa katika drafti ya 2022, kipenzi cha wengi, na alikuwa amecheza mechi moja tu ya NHL kwa Buffalo. Julai 2024 akapelekwa Edmonton, akaja Ryan McLeod, senta wa miaka 24 aliyekuwa ametoka kucheza fainali. Msimu huohuo McLeod akapata pointi 53. Savoie anaweza kuja kuwa nyota, namwombea heri, lakini Buffalo walihitaji mtu wa kucheza usiku ule ule, na walimpata.

Basi kanuni yangu ni hii: toa yule ambaye bado ni ahadi, upate aliyekwisha kuwa mchezaji. Aliyekwisha kuwa mchezaji usimrudishe kuwa ahadi. Wanao wakikubaliana hapo, watakuwa wametangulia mbele ya mameneja kadhaa waliopita Buffalo.

Si afadhali timu ifungwe kwa makusudi, imalize mkiani, ipate chaguo la kwanza? (Msomaji wa Louisville, Kentucky)

Walishajaribu, ndugu yangu. Msimu wa 2014-15 jiji zima lilijua kwamba mwaka huo kuna Connor McDavid, kijana aliyetamaniwa kuliko wote, katika drafti. Tarehe 26 Machi 2015 Arizona, nao wakiburuza mkia, walikuja Buffalo, na Sam Gagner wa Arizona alipofunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza, mashabiki wa nyumbani walishangilia. Wachezaji walikuwa pale uwanjani wakisikia. Sabres wakamaliza wa mwisho, lakini bahati nasibu ya kuamua nani achague kwanza ikawapa Edmonton nafasi hiyo, McDavid akaenda huko. Buffalo wakampata Eichel, mchezaji mkubwa pia, na hadithi yake nimeshaieleza.

Baadaye walipata chaguo la kwanza mara mbili kamili: Rasmus Dahlin 2018, Owen Power 2021. Hadi 2025 mtoano walikuwa hawajauona. Kijana wa miaka 18 hawezi kufundisha kushinda chumba ambacho hakuna anayejua kushinda.

Ni kweli meneja alisema Buffalo haina minazi? (Msomaji wa Mombasa)

Ni kweli. Desemba 2024, timu ikiwa katikati ya mechi 13 mfululizo bila ushindi, Kevyn Adams, aliyekuwa meneja mkuu wakati huo, aliwaambia waandishi kwamba Buffalo haina minazi na kodi zake ni kubwa, kwa hiyo wachezaji wenye kipengele cha kukataa huiweka katika orodha ya timu wasizozitaka. Kuhusu kodi hakudanganya. Florida, Texas, Tennessee na Nevada hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, New York inatoza, na kwa mtu anayelipwa dola milioni 8 tofauti hiyo ni pesa nyingi.

Lakini hoja yake haisimami. Winnipeg ina baridi kali kuliko Buffalo na kodi zisizopungua, na msimu huohuo wa 2024-25 ndiyo timu iliyoongoza ligi nzima kwa pointi. Edmonton iko kaskazini zaidi, na ilifika fainali 2024 na 2025. Mchezaji anakubali baridi akiona atashinda. Bandari na minazi mliyo nayo Mombasa havijawahi kufunga bao, na Buffalo inajua hilo, kwa sababu miaka ya 2006 na 2007 ilifika nusu fainali ya kombe ikiwa na theluji ileile.

Linalofuata hapo ndilo muhimu. Kama wakubwa wanakataa kuja, timu inabaki kubadilishana wale wasio na haki ya kukataa, nao ni vijana. Buffalo haipati mtu mzima bila kumtoa kijana, kwa hiyo swali la "tuuze au tusiuze" lina jibu tayari. Lililobaki ni yupi.

Cozens kwa Norris: nani alipata faida? (Shabiki wa Senators, Ottawa)

Hadi sasa, ninyi. Cozens ni mtoto wa Whitehorse, Yukon, mwenye nguvu na mkataba mrefu, na Ottawa mlifuzu mtoano 2025 kwa mara ya kwanza tangu 2017. Josh Norris, aliyekuja Buffalo badala yake, ni mfungaji mzuri, lakini alifika akiwa na historia ndefu ya majeraha ya bega, na mwaka ule Buffalo haikumtumia ila mechi chache mno. Akiwa mzima kwa msimu kamili nitalitazama upya.

Na Dahlin? Atolewe tupate watatu? (Msomaji wa Buffalo)

Hapana. Ni nahodha, beki wa daraja la juu kabisa, na mwaka 2023 alitia saini mkataba wa miaka 8. Wakimtoa yeye, hakuna kijana mwingine atakayeamini neno la uongozi ule. Sitaki hata kuanza kuhesabu hao watatu.

Sisi huku Nairobi tunafuatilia tangu Kenya ilipokubaliwa katika shirikisho la hoki ya barafu duniani mwaka 2024. Kuna timu iliyotoka shimoni kwa njia sahihi? (Msomaji wa South C)

Ipo, dada. Colorado. Msimu wa 2016-17 walipata pointi 48 katika mechi 82, aibu kubwa. Kelele zilikuwa zilezile: wauze wote. Hawakuwauza wote. Nathan MacKinnon alikuwa na miaka 21, wakambakiza. Gabriel Landeskog wakambakiza, Mikko Rantanen vilevile, na katika drafti ya 2017 wakamchukua Cale Makar. Aliyetaka kuondoka, Matt Duchene, walimshikilia kwa miezi hadi walipopata bei waliyoitaka, Novemba 2017. Hawakuingiwa na hofu wakampokea yeyote aliyetajwa kwanza.

Kisha, na hapa ndipo ninapotaka mama wa West Side awaite wanawe, walipokaribia kombe wakaanza kutoa ahadi. Machi 2022 walimpeleka Montreal beki chipukizi Justin Barron, mtu waliyemchagua wenyewe katika raundi ya kwanza, pamoja na haki ya raundi ya pili. Wakampokea Artturi Lehkonen, winga wa miaka 26 ambaye hakuwa nyota. Lehkonen ndiye aliyefunga bao la muda wa nyongeza lililowapeleka fainali, na ndiye aliyefunga bao la ushindi katika mchezo wa mwisho dhidi ya Tampa Bay. Barron aliondoka akiwa na miaka 20. Hakuna shabiki wa Colorado anayemlilia leo.

Tofauti ya Colorado na Buffalo haiko katika vipaji vya drafti. MacKinnon naye alikuwa chaguo la kwanza, kama Dahlin. Tofauti ni kwamba Colorado walijua ni vijana gani wanne hawaguswi, wakawazungushia watu wazima kabla wale vijana hawajakata tamaa.

Kipa Devon Levi bado kijana na hajatulia. Atolewe tupate kipa mzoefu? (Msomaji wa Rochester, New York)

Makipa huchelewa kukomaa, na timu zenye haraka ndizo huumia. Toronto walimchagua Tuukka Rask katika raundi ya kwanza ya 2005. Mwaka mmoja baadaye wakampeleka Boston, wakampokea Andrew Raycroft, aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi mwaka 2004 na alionekana kuwa jibu la haraka. Raycroft alidumu misimu miwili. Rask akawa kipa bora wa ligi mwaka 2014, akiwa na jezi ya Boston.

Levi si lazima awe Rask. Lakini thamani yake sokoni leo iko chini, na kumtoa sasa ni kumtoa kwa hasara. Ukko-Pekka Luukkonen ana mkataba wa miaka 5 tangu 2024, abebe mechi nyingi, na apatikane kipa mkongwe wa bei ndogo wa kumpumzisha. Levi acheze hapo kwenu Rochester, kwenye timu ya daraja la chini inayowalea wachezaji wa Sabres, mechi 40 au zaidi kwa msimu, badala ya kukaa benchi Buffalo akipigiwa simu mtu anapoumia. Tikiti za Rochester ni nafuu kuliko za Sabres, kwa hiyo nenda ukamtazame mwenyewe, kisha uniandikie ulichokiona.