Malaria Sawa, na Mguu Je?

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Ndugu, mwaka huu nimemaliza dawa mseto ya malaria mara tatu. Homa inarudi, na mguu unauma mpaka nachechemea. Nifanyeje?" Nilisoma nikaweka simu chini. Nilijiona mimi mwenyewe wa miaka ile.

Nami kila nikipimwa, malaria inaonekana. Kipimo hakikudanganya, malaria nilikuwa nayo kweli. Lakini kinenani nilikuwa na mtoki, na mguu wa kushoto umevimba, ngozi inang'aa na kuwaka moto. Hakuna aliyeutazama. Mara ya tatu nilikaripiwa mbele ya watu kwamba sikumaliza dozi. Nilimaliza! Mpaka leo neno lile linanichoma.

Aliyeniokoa ni kijana wa maabara aliyeniona nikichechemea. Aliniambia nikunje suruali, akatazama, akanitaka nirudi baada ya saa nne usiku, maana vijiminyoo vya matende hujaa kwenye damu usiku. Usiku ule alinipisha kwenye darubini. Vijinyuzi vinajinyonganyonga, vinapiga kumbo chembe za damu huku na huku. Ndani yangu! Na slaidi nyingine ya damu ile ile ilikuwa na malaria. Mbu aina ya Anopheles hueneza magonjwa yote mawili, na dawa ya malaria haiui minyoo ya matende.

Basi ndugu zangu, semeni kila kinachouma, msingoje kuulizwa. Mwanamume, korodani likivimba, sema. Busha nalo huweza kuletwa na minyoo hii hii, na hupasuliwa mtu akapona. Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi. Kingatiba, yaani dawa ya kukinga matende, ikigawiwa, meza kila mwaka, kwa sababu huondoa hasa vijiminyoo vya kwenye damu, na minyoo mikubwa huweza kuishi miaka 6 hadi 8. Lala ndani ya chandarua. Na semeni, narudia, semeni.

Mguu wenyewe uoshe kila siku kwa sabuni na maji, ukaushe vizuri katikati ya vidole. Hili nililidharau sana, kumbe bakteria wanaoingia kwenye nyufa zile ndio huleta ile homa ya mguu. Ukikaa, uinue. Wangu haujarudi kama zamani, ila sasa unaingia kwenye kiatu.

Nawe uliyeniandikia, kesho ukifika kituoni, kunja suruali kabla hawajakutoboa kidole.