Usiiuze CG ya Mzee kwa Chuma Chakavu

Jumamosi iliyopita niliitoa pikipiki yangu, Honda CG 125, Tegeta nikaenda nayo Bagamoyo na kurudi, haikukohoa hata mara moja. Nilipoweka picha, kijana mmoja akaniandikia: "Kaka, ya kwetu iko bandani tangu mzee astaafu. Mafundi wanasema spea hakuna, niiuze kilo." Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena na ndugu zangu wa damu, kwamba nachezea hela ya watoto. Leo wanaomba kupiga nayo picha.

Kijana wangu, spea zipo. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inabebeshwa mizigo kwenye vumbi na oili inachelewa kubadilishwa. Hawakuweka cheni ya taimingi, wakaweka rodi za kusukuma valvu. Baadaye Wachina wakaiga injini hiyo, na bodaboda nyingi za Kichina unazopanda ni uzao wake. Ndiyo maana nasema pima kwanza, ndipo uulize bei.

Pistoni ya CG 125 ina upana wa milimita 56.5. Angalia namba iliyopigwa kwenye injini za Kichina: 156FMI au 157FMI ni ya 125, kwa sababu tarakimu mbili baada ya 1 ni upana wa silinda. Ukiona 162FMJ hiyo ni ya 150, achana nayo. Pale Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji aliniapia kwamba pistoni aliyonipa ni ya CG. Nikatoa venia, kile kipimo cha milimita, mfukoni, nikaibana palepale juu ya kaunta: 62. Akairudisha kwenye boksi kimya kimya, akaniletea nyingine.

Kwa spea halisi, jifunze namba za Honda. 13101 ni pistoni, 383 katikati ndiyo CG ya zamani. 13102 ni pistoni iliyozidi upana kwa milimita 0.25, na 13103 kwa 0.50. Silinda yangu ilikuwa imeliwa, nikampelekea fundi wa kukereza pamoja na pistoni mpya ya 0.50 ili aipime nayo. Usikereze kabla pistoni haijawa mkononi. Madigadi na taa nilimwagiza jirani anayeleta mizigo ya Pakistan, kwa sababu kule wameendelea kuitengeneza CG yenye umbo linalokaribia lile la mwanzo.

Penye ugumu ni umeme. Za mwanzo ni volti 6 na platini (swichi ndogo inayokatakata umeme wa plagi), za Kichina ni volti 12. Ukihamia volti 12, hama na vyote: sumaku, koili, balbu, honi. Mimi nilibaki na platini, nikaisugua kwa msasa laini na kuacha mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Inawaka kiki ya kwanza.

Sasa niseme linaloniuma. Fundi wa kwanza alikaa na injini yangu, na nilipoifuata nikakuta kabureta ya Keihin haipo, imefungwa nyingine isiyo na jina. Akaniambia macho makavu kwamba ndivyo ilivyokuja. Ile kabureta sijaipata tena. Jamani, heshimuni mali zenu! Piga picha kila kifaa kabla hakijafunguliwa, kitie alama ya rangi mahali pa siri, spea iliyotolewa lala nayo nyumbani kwako. Fundi mwaminifu hachukii kuhesabiwa vifaa, na akichukia, ondoa pikipiki siku hiyohiyo.

Na kabla hujanunua hata nati moja, itafute kadi ya pikipiki yenye jina la mzee, kisha mwende naye TRA, mamlaka ya mapato, mhamishe umiliki angali hai na mwenye kumbukumbu.